Matobolwa ya Mpiga Besi

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nikajibu kwamba napiga gitaa la besi kwenye bendi, hutulia kidogo, kisha huuliza, "Na kazi je?" Hapo huwa nawatazama tu. Nimepiga besi tangu sijaoa, na sasa binti yangu mkubwa ana mtoto anayekimbia. Katika muda huo bendi yetu imepitiwa na waimbaji wengi kiasi kwamba baadhi yao nikikutana nao stendi ya Kahama tunashindwa kukumbuka tuligombania nini. Wawili wameokoka, na wanahubiri dhidi yetu kwa vipaza sauti vizuri kuliko vyetu. Mmoja aliondoka kwa matusi akaanzisha bendi yake, ikafa, akarudi, akapokelewa kwa shangwe na kupewa nafasi ya kufungua onyesho. Mimi sijawahi kuondoka, kwa hiyo sijawahi kupokelewa.

Besi niliipata kwa sababu nilichelewa. Nilitoka nyumbani Songwa nikiwa na ndoto ya kupiga solo, ile sauti nyembamba inayowafanya wanawake wafumbe macho. Basi likaharibika njiani. Nilipofika Kahama, solo lilikuwa limeshapata mwenyewe, na gitaa la pili, la kusindikiza, alikuwa nalo shemeji yake kiongozi. Kwenye kona lilibaki gitaa moja refu, zito, lenye nyuzi nne nene. Niliuliza nyuzi nyingine ziko wapi. Walicheka, na wale wachache waliobaki kutoka siku ile wanacheka mpaka leo. Kiongozi akanikabidhi na kuniambia hiyo ni kwa muda tu, mpaka apatikane mtu. Ninavyojua mimi, bado anatafutwa.

Tunafanyia mazoezi Nyahanga, kwenye ghala lililopakana na mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ikinguruma, solo linasikika, ngoma zinasikika, mwimbaji anasikika hata tusipotaka. Besi inamezwa yote. Wenzangu wamenisikiliza miaka yote hiyo kupitia ukuta wa mashine ya mpunga, halafu wananipa ushauri.

Tumepiga kila mahali penye dhahabu, na kwingine palipodhaniwa pana dhahabu. Kule Geita wachimbaji wadogo huliita shimo lao duara, na duara likitoa mawe yenye mali husema limetema. Duara likitema, mwenye duara hutafuta vitu vitatu kwa haraka: gari, mke mwingine, na bendi. Sisi ndio tunaopatikana kwa urahisi. Basi pedeshee wa siku hiyo hupanda jukwaani na vumbi la karasha, ile mashine ya kusagia mawe, likiwa bado kwenye nyusi, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, akamzunguka mpiga solo akicheza, akamtunza hata mpiga tumba. Akifika kwangu husimama. Hunitazama vidole kwa muda, kama fundi anayekagua pampu, halafu husema, "Na wewe jitahidi."

Rapa wetu kazi yake ni kutaja majina katikati ya wimbo, maana kwetu mtu hulipia bendi ili asikie jina lake. Huwataja wote: mwenye duara, mke wa mwenye duara, kaka wa mke, fundi aliyefunga karasha, muuza dizeli. Mahali fulani alimtaja hadi ng'ombe aliyechinjwa, kwa rangi yake. Mimi hajanitaja. Nilipomuuliza, alishangaa kweli, akasema, "Nikutaje nani?" Kwenye bendi wananiita Besi, na ninashuku kuna wanaodhani mama yangu ndivyo alivyonibatiza.

Mama yangu ndiye aliyeniumiza kuliko wote, ingawa hakuwa na nia mbaya. Yeye ni mtu wa umoja wa kina mama kanisani, hakanyagi baa, na sisi kwa miaka mingi tumepiga baa na kwenye sherehe za watu asiowajua. Kwa hiyo hakuwahi kuniona jukwaani. Kila nilipokwenda Songwa aliniuliza lilelile.

"Baba, kwani kwenye hiyo bendi wewe unafanyaga nini?"

"Napiga besi, mama."

"Wewe ndiye unayeimba?"

"Siimbi."

"Ile inayolia-lia?"

"Hiyo ni solo. Mama, besi ni sauti nene, inapita chini. Ukisikia kitu kinakugonga hapa," nikajigonga kifuani, "ujue ndiye mimi."

Akaweka kiganja kifuani, akafikiri. "Kama ngoma?"

"Kama ngoma, ila inaimba."

Alifurahi sana na maelezo hayo. Wiki iliyofuata mdogo wangu akaweka nyimbo zetu kwenye simu yake, akamsikilizisha mama mchana kutwa. Sasa, kila mtu mwenye akili anajua simu haitoi besi. Kile kispika chake kinatoa mwimbaji na mbu. Mama alisikiliza nyimbo zote, kwa heshima, kiganja kikiwa kifuani, kisha akanipigia. "Baba, nimewasikia wenzako wote. Wanaimba vizuri. Wewe sijakusikia. Ulikuwa unaumwa?"

Nilisema nilikuwa naumwa.

Halafu macho yake yakaanza kuharibika. Mtoto wa jicho, upande mmoja kisha wa pili, na upasuaji anauogopa kuliko upofu. Alianza kuona vivuli tu. Akasema kuniona kwenye bendi ameshakosa, basi angalau anisikie mara moja kabla masikio nayo hayajaaga. Aliyasema hayo huku akicheka, lakini mimi sikucheka. Nilitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka solo.

Ndipo duara moja la upande wa Geita likatema vizuri, na mwenye nalo akajenga gesti yenye vigae vya kuteleza na sanamu ya simba getini. Aliyeingia kwa mara ya kwanza alianguka kwenye vigae huku anamwangalia simba. Alitaka kuizindua, akaita bendi mbili, ya kwetu na nyingine ya hapohapo Geita. Lakini alikuwa Msukuma aliyekulia kwenye ngoma, na jambo la bendi moja kupiga wakati nyingine imekaa inakunywa soda lilimchukiza.

"Mimi nataka zishindane kingoma," alisema.

Kwetu baada ya mavuno, ngoma mbili hushindana uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna jaji. Watu wenyewe ndio hutembea. Ukiona kwako hakunogi, unakatiza uwanja unakwenda kwa wale wengine, na hakuna anayekulaumu, hata kama aliyekuwa anacheza ni kaka yako. Jioni wanaangalia upande upi una watu. Sasa tajiri wetu alitaka hivyohivyo kwa magitaa: majukwaa mawili, moja kila goli la uwanja wa mpira, mchana kweupe, bendi zote zipige kwa pamoja, na zawadi iwe dume la ng'ombe. Mpiga solo wetu, ambaye anatoka Tanga, alisema hiyo si burudani, hiyo ni fujo. Hakuna aliyemsikiliza, na kwa mara ya kwanza nilimwona akijua inavyokuwa.

Kwangu ilikuwa bahati. Uwanja wa mpira si baa. Mchana si usiku. Nilimpigia mama simu palepale. Akaanza kukausha viazi siku hiyohiyo, ili aniletee matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kuanikwa, kitu ninachokipenda tangu sijaota meno. Kwenye ngoma mchezaji wako humwendei mikono mitupu, alisema.

Kiongozi wetu naye alijiandaa. Yeye ni mzee wa kanisa, na kwenye harusi ndiye anayefungua kwa sala ndefu. Alikwenda kwa mganga. Alirudi na dawa ya kuvuta watu, ya kufukiwa chini ya jukwaa, akaifukia mwenyewe kwa mwiko wa mke wake. Baadaye ilijulikana kwamba bendi ya Geita ilikwenda kwa mganga huyohuyo asubuhi yake. Dawa ilikuwa ileile, na nasikia hakumpunja yeyote.

Lakini kabla ya dawa kiongozi alikuwa ameshafanya jambo jingine. Alinunua kinanda. Mpigaji wake alitoka Mwanza, kijana mrefu anayevaa miwani ya jua hata ndani ya ghala la mpunga. Kinanda kile kilikuwa na vitufe vya kila kitu: tarumbeta, filimbi, kwaya ya watoto, mvua. Kiongozi alikisikiliza mdomo wazi, kisha akanivuta pembeni.

"Besi, usinielewe vibaya. Huyu mkono wake wa kushoto unapiga besi."

"Wangu wa kushoto unapiga pia. Na wa kulia unausaidia."

"Dunia imebadilika, ndugu yangu. Na lile spika lako kubwa ndilo pekee linaloweza kubeba kinanda."

"Kwa hiyo niende nyumbani?"

"Hapana!" Alishtuka kabisa. "Tajiri ametaka bendi iliyotimia. Bendi bila mtu wa besi inaonekana pungufu. Wewe utasimama palepale pako."

"Nisimame nifanye nini?"

"Upige. Ila waya hatutachomeka."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilimwambia maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuambiwa, na aliyapokea kwa utulivu wa mtu ambaye tayari ameshanunua kinanda. Nilipochoka kutukana nilimwambia ukweli: mama anakuja kutoka Songwa, haoni, anakuja kusikia tu, na atakuja mara hii moja. Niliomba wimbo mmoja wa kuchomeka. Mmoja. Akanishika bega, akasema, "Tutaona." Ningejua mapema ningemwambia mama abaki, lakini alikuwa ameshafua kitenge chake cha sherehe na kuwaaga majirani.

Siku ikafika. Mama alishuka kwenye basi akiongozwa na mke wa mdogo wangu, fungu la matobolwa likiwa kwenye kitambaa cheupe kifuani. Bendi nzima ilimpokea kwa adabu kubwa. "Mwadila, mayu," walisema waliojua Kisukuma. "Shikamoo mama," walisema wengine. Kiongozi alimshika mikono yote miwili na kumwambia, "Mama, leo mwanao atakuburudisha." Nilitamani kumpiga na gitaa, na uzito lilikuwa nao.

Tukamkalisha mbele kabisa upande wetu, kwenye kiti cha plastiki. Akaweka kiganja kifuani tayari.

Tajiri akapuliza filimbi ya mpira, bendi zote mbili zikaanza. Sijui kama umewahi kusikia nyimbo mbili zisizojuana zikipigwa uwanja mmoja. Vumbi lilipanda, wachimbaji walipiga miluzi, wauza miwa walijiweka katikati ili wasipoteze wateja wa upande wowote. Mpiga kinanda alianza na tarumbeta, watu wakashangilia. Kisha mkono wake wa kushoto ukaingia na ile besi yake. Ilitoka kama mtu anayekohoa ndani ya ndoo. Mimi nilisimama palepale pangu, vidole vinatembea, mguu unapiga chini, jasho linatoka, na waya wangu umezungushwa vizuri sakafuni kama nyoka aliyeshiba. Pedeshee mmoja alipanda, akatunza wote, akafika kwangu. "Leo umejitahidi," alisema.

Kila wimbo ulipokwisha nilimtazama kiongozi. Wimbo wa kwanza alinionyesha kiganja, maana yake nisubiri. Wa pili akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Baada ya hapo hakugeuka tena.

Watu walianza kuondoka taratibu, kwa adabu, jinsi watu wa ngoma wanavyoondoka. Walitangulia wachimbaji. Wakafuata kina mama lishe na masufuria yao. Upande wa pili kulikuwa na jamaa anayepiga besi kweli, nilimsikia hata mimi, inakuja chini kwa chini kwenye ardhi na kunipanda miguuni. Alikuwa na spika mbili. Nilimchukia kwa moyo wote.

Halafu nikamwona mama amesimama. Aligeuza kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine, kiganja kiko kifuani bado. Akamshika mke wa mdogo wangu begani, akamwambia kitu. Yule binti akanitazama jukwaani, akatazama upande wa pili, akasita. Mama akamsukuma. Wakaanza kutembea, polepole, wakakatiza uwanja mbele ya macho yangu, mama yangu mzazi na kitenge chake cha sherehe na matobolwa yangu, wakazama kwenye vumbi la wale wengine.

Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia mama yangu kwa jinsi ambavyo sijamkasirikia hata kiongozi. Najua amekulia kwenye ngoma, najua kwenye ngoma mtu hufuata panaponoga, lakini nilidhani mzazi anaweza kuvumilia saa chache za mwana asiyesikika. Nikaendelea kupiga. Jua lilipoinama, upande wetu ulikuwa na mke wa kiongozi, walevi wachache waliolala, na mlinzi wa gesti ambaye hakuruhusiwa kuondoka. Dume likafunguliwa kamba, likapelekwa kule, na lenyewe lilikwenda bila kuvutwa.

Kiongozi alikuja kwangu amenyong'onyea. "Besi," alisema, "mbona hukunikumbusha kuchomeka?"

Nilitupa gitaa mgongoni nikakatiza uwanja kumtafuta mama. Nilimkuta kando ya jukwaa la wenzetu, amekalia sanduku la spika, amezungukwa na wanawake wa pale, uso unang'aa vumbi na jasho. Nilisalimia tu, akaijua sauti.

"Baba! Baba wee! Leo nimekusikia!"

Nilisimama.

"Mwanzo nilikaa kule waliponiweka, nikakusikiliza weee, haupo. Nikamwambia huyu, mbona mwanangu hayumo humu? Kumbe ulihamia huku! Nikakusikia kwa mbali, puu, puu, hapa." Akajigonga kifuani. "Nikakufuata. Sijabanduka. Nimewaambia wote hawa, huyo anayegonga kifuani ni mwanangu mimi."

"Ametuambia," wanawake wakasema. "Hongera sana, baba."

Mke wa mdogo wangu alikuwa anatazama chini, anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Na matobolwa umeyapata? Niliyapitisha mbele, nikasema mpeni wa besi, ni mama yake."

Juu ya jukwaa, mpiga besi wa Geita alikuwa amekaa anakunja waya wake. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefunguliwa mapajani mwake, na taya zake zilikuwa zinasaga. Alimtazama mama. Akanitazama mimi, akaliona gitaa mgongoni mwangu. Alikuwa mtu mzima kama mimi, ana mvi kama zangu, na nadhani kuna mtu aliwahi kumwambia naye ajitahidi. Aliacha kutafuna.

"Nimeyapata, mama," nilisema. "Matamu sana."

"Basi nipigie kidogo kabla basi halijaondoka. Ka-wimbo kamoja. Nikae karibu hivi."

Yule jamaa aliweka kitambaa pembeni. Alikunjua tena waya aliokuwa ameshaukunja, akashuka, akanipa ncha yake. Nikachomeka kwenye gitaa langu. Nikapiga wimbo wetu wa zamani kuliko yote, ule ambao besi yake niliitunga mwenyewe Nyahanga, huku mashine ya mpunga ikinguruma na hakuna aliyeisikia. Nilipiga mwanzo mpaka mwisho, bila mwimbaji, bila solo, mbele ya wale wanawake na dume la ng'ombe. Spika ilitetemeka chini ya mama, na yeye alikaa kiganja kifuani, mdomo wazi kidogo, akitikisa kichwa. Nilipomaliza nilikuwa na machozi na sikuyafuta, maana mama hayaoni.

Mama akashusha kiganja kifuani.

"Wabeja, baba, asante," alisema. "Lakini umechoka. Mwanzo ulipiga vizuri zaidi."

Nikamwambia ni kweli, nimechoka, nikamshika mkono tukaenda kutafuta basi.